Muulize Mwalimu: Wayahudi wanaosimama na Wapalestina

Mwezi huu barua juu ya Israeli na Palestina zimejaa mezani, nami nimechagua nne zinazouliza kitu. Za matusi matupu nimeziweka kando. Moja ilianza kwa matusi ikaishia na swali zuri. Hiyo nimeikata kichwa nikaacha mkia. Mwenyewe atajijua.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mwanangu anasoma New York. Aliwahi kunitumia picha ya watu waliovaa vikofia vya Kiyahudi wamekaa sakafuni kwenye kituo cha treni, fulana zao nyeusi zimeandikwa kwamba vita vya Gaza visipiganwe kwa jina lao. Nilipomwonyesha jirani yangu baada ya swala ya Isha alicheka. Alisema hao wamelipwa, Myahudi hawezi kumtetea Mpalestina. Nani mkweli? *Mwenye Shaka, Mombasa*

JIBU: Marahaba, mwanangu. Picha ni ya kweli na watu ni wa kweli. Hapo ni kituo cha Grand Central, Ijumaa jioni, tarehe 27 Oktoba 2023, vita vikiwa na wiki tatu. Waliowaita watu wakae pale ni Jewish Voice for Peace, chama cha Wayahudi kilichoanzia upande wa San Francisco mwaka 1996. Ijumaa jua likizama ndipo Sabato yao inapoingia, na marabi waliwasha mishumaa ya Sabato hapohapo kituoni. Polisi wakakamata mamia. Mtu wa kulipwa angechagua siku nyingine ya kufungwa pingu, si usiku wa ibada yake.

Jirani yako simlaumu sana. Nilikuwa msichana wa shule mwaka 1973 Tanzania ilipovunja uhusiano na Israeli, na somo la siasa lilitueleza Waisraeli kama jeshi moja lenye uso mmoja. Hakuna aliyetukumbusha kwamba JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, iliyoanza 1963 na ambayo kaka zetu walikuwa wakiimba nyimbo zake, ilikuwa imeundwa kwa msaada wa Waisraeli haohao. Uhusiano ulirudi 1995, mimi nikiwa mwalimu tayari, na kitabu cha kufundishia hakikubadilika hata mstari mmoja.

Ila usitoke kwenye kosa la jirani ukaingia kwenye la kwako, ukadhani sasa Wayahudi wote ni wa Grand Central. Wale wanaikataa siasa ya Kizayuni, yaani ya kuwa na dola ya Kiyahudi Palestina, kutoka mzizi wake, na tangu 2019 wamelitangaza hilo wazi. Wapo J Street wa Washington, walioanza 2008, ambao wanaipenda Israeli bila kificho lakini wanataka Wapalestina nao wapate dola yao kando yake. Waweke hawa na wale chumba kimoja, watagombana kabla chai haijapoa. Na Wayahudi walio wengi Marekani hawamo huku wala kule.

Ukiniuliza mimi nani wananivutia, nitakurudisha nyuma zaidi. Desemba 1987 Intifadha ya kwanza, uasi wa Wapalestina, ililipuka Gaza na Ukingo wa Magharibi. Mwezi uliofuata, Januari 1988, wanawake wachache wa Kiyahudi wa Jerusalem walivaa nguo nyeusi tupu wakaenda kusimama kwenye njia panda yenye magari mengi katikati ya mji, siku ya Ijumaa, saa saba mchana hadi saa nane. Walishika mabango meusi yaliyokatwa umbo la kiganja cha mkono, na juu yake maandishi meupe yakidai kwamba kuikalia ardhi ya Wapalestina kukome. Hapakuwa na hotuba wala kipaza sauti. Saa ilipotimia walikwenda zao kupika chakula cha Sabato, na Ijumaa iliyofuata wakarudi.

Saa ile mji mzima unakimbilia nyumbani. Wenye magari walishusha vioo wakawatupia matusi ya nguoni, na mengi yalikuwa yale ambayo mwanamume humtupia mwanamke tu. Wao kimya. Mtindo ule ukasambaa miji mingine ya Israeli, kisha nje: kuanzia Oktoba 1991 wanawake wa Belgrade walisimama hivyohivyo, kwa nguo nyeusi, kupinga vita vya serikali yao wenyewe. Nimesimama mbele ya darasa sehemu kubwa ya maisha yangu, najua ilivyo kazi kurudia neno lilelile wiki kwa wiki mbele ya watu wasiokutaka. Maandamano ya siku moja, hata yawe ya watu laki, hayanishangazi kiasi hicho.

SWALI: Bwana Yesu asifiwe Mwalimu. Kanisani kwetu bendera ya Israeli iko madhabahuni na tunaiombea kila Jumapili. Vijana wetu wawili wa Kitanzania walikwenda huko kujifunza kilimo wakauawa, na mkoa wetu tulilia. Halafu nasikia kuna Waisraeli wanaowabeba wagonjwa wa Gaza kwa magari yao wenyewe, bure. Baada ya mambo yale! Hivi hao wana akili timamu? *Mama wa Wanne, Moshi*

JIBU: Amina, na pole sana dada yangu. Wale vijana waliuawa tarehe 7 Oktoba 2023, Hamas walipovamia vijiji vya mpakani mwa Gaza. Mmoja wao alikuwa kijiji cha Nir Oz. Nikusimulie kidogo juu ya Nir Oz, maana swali lako linajibiwa hapohapo alipokuwa kijana wetu.

Nir Oz ni kibbutz, yaani kijiji cha ujamaa cha Kiyahudi. (Vingi vya vijiji hivyo siku hizi ujamaa umebaki jina. Tusiwacheke.) Miongoni mwa waliokianzisha ni Oded Lifshitz, mwandishi wa magazeti. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 jeshi lilipowafukuza Wabedui kwenye ardhi yao kusini mwa Gaza, yeye alikuwa kati ya Waisraeli waliowapigania. Uzeeni, yeye na mkewe Yocheved wakawa madereva wa hao wagonjwa unaowasikia.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mgonjwa wa Gaza, tuseme mtoto wa saratani au wa figo, alikuwa akipata kibali cha kutibiwa hospitali ya Israeli. Kibali kilimfikisha kwenye lango la mpakani, Erez, basi. Kutoka hapo hadi hospitali kubwa karibu na Tel Aviv ni mwendo wa gari wa saa nzima au zaidi, na nauli ya teksi ilikuwa mzigo ambao mzazi wa Gaza hauwezi. Mtoto wa figo anahitaji kwenda na kurudi, na kwenda tena. Kwa hiyo mtu wa kujitolea anafika langoni alfajiri na gari lake, anampakia mtoto na bibi yake (mara nyingi bibi ndiye aliyepata kibali, mama kanyimwa), anawafikisha, na jioni mwingine anawarudisha.

Aliyeanzisha mpango huu ni seremala, Yuval Roth. Mwaka 1993 ndugu yake Udi alitekwa na Hamas akauawa. Roth akajiunga na kikundi cha wafiwa wa pande zote mbili, na humo mwaka 2006 Mpalestina mmoja alimwomba msaada: nduguye ni mgonjwa, amfikishe hospitali ya Haifa. Roth akampeleka. Wakaja wengine kuomba, akaita majirani, na kidogo kidogo ikawa jumuiya ya madereva zaidi ya elfu moja.

Sasa angalia mpangilio wa mambo, dada yangu. Ndugu yake aliuawa kwanza, gari likaja baadaye. Wewe unauliza kana kwamba watu hawa walikuwa hawajaonja.

Tarehe 7 Oktoba, Oded akiwa na miaka 83 na Yocheved 85, wote wawili walitekwa wakapelekwa Gaza. Yocheved aliachiwa baada ya wiki mbili na siku kadhaa. Picha ya video ilionyesha anakabidhiwa kwa Msalaba Mwekundu, kisha anageuka nyuma, anamshika mkono mtekaji aliyefunika uso, anamwambia “shalom”. Kwao Israeli wapo waliomkasirikia kwa mkono ule. Mumewe hakurudi hai. Mwili wake ulirejeshwa Februari 2025.

Kijiji kingine cha mpakani, Be'eri, alikuwako Vivian Silver, mwanamke wa miaka 74, mzaliwa wa Winnipeg, Kanada, aliyehamia Israeli mwaka 1974. Naye alikuwa akibeba wagonjwa. Kwa miaka mingi aliongoza pamoja na mwanamke wa Kibedui shirika la Wayahudi na Waarabu huko Negev, na baada ya vita vya Gaza vya 2014 alikuwa mmoja wa waanzilishi wa Women Wage Peace, wanawake wanaodai viongozi warudi kwenye meza ya mazungumzo. Hawa huvaa nyeupe. Nyeupe hiyo wameifuata Afrika: kina mama wa Liberia walivaa nyeupe mwaka 2003 walipowabana wapiganaji wa nchi yao wafanye amani, na kiongozi wao, Leymah Gbowee, alikwenda Israeli Oktoba 2016 akatembea pamoja na wanawake hawa. Sisi tumezoea kupokea wahubiri kutoka Israeli, lakini safari ile mwalimu alitoka Monrovia.

Tarehe 4 Oktoba 2023 Vivian na wenzake waliandamana pamoja na wanawake wa Kipalestina wa kikundi kiitwacho Women of the Sun. Siku tatu baadaye Be'eri ilivamiwa. Kwa wiki kadhaa ilidhaniwa ametekwa, watu wakabeba picha yake barabarani. Katikati ya Novemba mabaki yaliyopatikana nyumbani kwake yakatambuliwa. Mwanawe, Yonatan Zeigen, aliacha kazi yake ya ustawi wa jamii akaishika kazi ya mama yake.

Wapo madereva walioacha baada ya siku ile, na mimi kwa kweli siwezi kuwanyooshea kidole. Lango la Gaza lilifungwa, safari za huko zikakoma. Za wagonjwa wa Ukingo wa Magharibi ziliendelea.

Kuhusu bendera ya madhabahuni, hilo ni la mchungaji wako na wazee wa kanisa. Ila siku akiihubiria Israeli, mwombe aseme neno moja juu ya Vivian Silver.

SWALI: Assalamu alaykum Mwalimu. Babu zangu ni wa Unguja, mimi nimezaliwa Muscat. Kazini nina wenzangu Wapalestina. Ukiwatajia Wayahudi wa amani wanakunja uso. Wanasema hayo ni mambo ya kunywa chai na kupiga picha, mwenye nguvu anapata sifa na mnyonge anarudi kwenye kizuizi cha askari. Wanaita tatbii, kuifanya dhuluma ionekane jambo la kawaida. Unawajibu nini? *Mjukuu wa Ng'ambo, Muscat*

JIBU: Waalaykum salaam, mjukuu wangu. Kwanza siwajibu. Nawasikiliza, maana wana hoja.

Mwaka 1992 huko San Mateo, California, mume na mke Wayahudi, Len na Libby Traubman, walifungua sebule yao kwa majirani Wayahudi na Wapalestina wa mji huo na wa jirani. Wakawa wanakutana kila mwezi, nyumba kwa nyumba, mwaka baada ya mwaka. Kila mmoja anasimulia maisha yake, mwingine anasikiliza bila kumkatiza. Ni jambo zuri kwa California, ambako kikao kikiisha Myahudi anakwenda kwake na Mpalestina anakwenda kwake, barabara ni ileile. Kikao hichohicho kikifanyika Jerusalem, mmoja analala nyumbani baada ya dakika kumi na mwingine yuko kwenye foleni ya kizuizi, kitambulisho mkononi. Wenzako wanaisema foleni hiyo. Hata wale wanawake wa nguo nyeupe niliowasifu hapo juu walipenda kukusanya wanawake wa kila chama, na kwa ajili hiyo wakakwepa kulitaja wazi suala la ardhi kukaliwa. Wapalestina waliliona hilo wakalisema. Nakubaliana nao.

Mimi nina kipimo changu: je, huyo Myahudi ameitwa na Mpalestina mwenyewe, kwa kazi ambayo Mpalestina ndiye anayeihitaji? Chukua mavuno ya zeituni. Kila Oktoba na Novemba wakulima wa Ukingo wa Magharibi huingia mashambani, na sehemu nyingi walowezi huwashambulia, hukata miti, huiba mavuno. Kuna marabi wa Israeli, Rabbis for Human Rights, chama cha tangu 1988, ambao mkulima akiwaita huja kuchuma naye na kusimama katikati. Rabi Arik Ascherman alikuwa mmoja wao kwa miaka mingi. Oktoba 2015 kijana aliyefunika uso alimvamia kwa kisu kati ya miti hiyo, na picha za tukio zikaonwa dunia nzima. Wakosoaji wa chai ya sebuleni sijui watasema nini hapo, maana chai haikuwapo.

Tena kuna kile kikundi cha wafiwa nilichokigusa kwenye jibu la Moshi, Parents Circle. Kilianzishwa 1995 na Yitzhak Frankenthal, Myahudi mshika dini ambaye mwanawe Arik, askari wa miaka 19, alitekwa na Hamas akauawa mwaka uliotangulia. Leo kina familia zaidi ya 600, za Kiyahudi na za Kipalestina, na sharti la kuingia ni moja tu: uwe umefiwa na mtu wako katika ugomvi huu. Mwaka 2002 walifungua laini ya simu ya bure, Mwisraeli anapiga anaunganishwa na Mpalestina asiyemjua, na kinyume chake. Ilipigwa mara mamia ya maelfu. Wengine walipiga ili watukane tu, halafu wakajikuta wamezungumza nusu saa.

Msemaji wao mmoja, Robi Damelin, ni mama aliyezaliwa Afrika Kusini, akapinga ubaguzi wa rangi kwao kabla ya kuhamia Israeli mwaka 1967. Mwanawe David aliuawa na mdunguzi wa Kipalestina kwenye kizuizi cha Ukingo wa Magharibi, Machi 2002. Askari walipofika mlangoni kumpa habari, neno lake kwao lilikuwa kwamba wasiue mtu yeyote kwa jina la mtoto wake. Mdunguzi alipokamatwa, mama huyo aliwaandikia barua wazazi wake. Jibu lililokuja baadaye kutoka kwa kijana mwenyewe halikuwa la kuomba radhi hata kidogo. Mama hakuacha kazi yake ya amani.

Na ukitaka kuwaambia wenzako kitu, waambie habari za ndugu yao Bassam Aramin. Alifungwa na Waisraeli miaka saba tangu akiwa kijana wa miaka 17. Alipotoka alikuwa miongoni mwa walioanzisha Combatants for Peace, wapiganaji wa zamani wa pande zote mbili walioweka silaha chini. Januari 2007 binti yake Abir, miaka 10, alipigwa risasi ya mpira kichwani na polisi wa mpaka wa Israeli nje ya shule yake huko Anata. Akafa. Wanajeshi wa zamani wa Israeli, wenzake kikundini, walikwenda kwenye uwanja wa shule ile wakajenga mahali pa watoto kuchezea kwa jina la Abir. Baba yake akalipeleka suala mahakamani, na mwaka 2010 mahakama ya Israeli ikasema serikali inawajibika kwa kifo hicho.

Kila mwaka, mkesha wa siku ambayo Israeli huwakumbuka askari wake, vikundi hivi viwili hufanya kumbukumbu ya pamoja ya wafu wa pande zote. Nje ya ukumbi husimama watu kuwazomea na kuwatemea mate wanaoingia. Mwaka 2018 waziri wa ulinzi alikataa kuwapa Wapalestina vibali vya kufika, na Mahakama Kuu ikamlazimisha. Kwa upande wao, Wapalestina wanaokwenda huitwa wasaliti wakirudi vijijini. Kwa hiyo wenzako wanapokunja uso, wakumbuke kuna Mpalestina pia anayekunjiwa.

SWALI: Mwalimu, porojo tupu hizi za amani. Nijibu kwa mkato: hao Wayahudi wako wamefanikisha nini? *Mwanafunzi wa Chuo, Eldoret*

JIBU: Kwa Lebanon, wamefanikisha. Februari 1997 helikopta mbili za jeshi la Israeli ziligongana zikiwa njiani kwenda huko, wakafa wanajeshi 73. Wanawake wanne wa kaskazini mwa Israeli, wote wana watoto jeshini, wakaanza kudai jeshi litoke Lebanon. Wakaitwa Mama Wanne. Wapo waliowadharau kwa kuwa ni wanawake. Mei 2000 jeshi likatoka.

Kwa Wapalestina hakuna kitu cha namna hiyo cha kukuonyesha. Ardhi bado imekaliwa, makazi ya walowezi yameongezeka mara nyingi tangu wale wanawake wavae nyeusi mwaka 1988, na Gaza umeiona mwenyewe kwenye simu yako. Wapo watoto wa figo waliofika hospitali. Wapo wakulima waliovuna. Ukisema ni kidogo, ni kidogo.

Na wewe wa Eldoret unatakiwa kulijua hili kuliko mimi wa Tanga: mwaka 1903 Waingereza walitaka kuwapa Wayahudi nyanda hizohizo za Uasin Gishu unazosomea, wakae huko badala ya Palestina. Wazayuni walituma watu kuzikagua, na mkutano wao wa 1905 ukazikataa. Wenyeji wa huko hawakuulizwa. Andika tasnifu juu ya hilo, nitaisoma.

Aliyeuliza juu ya mkataba wa 1890 kati ya Wajerumani na Waingereza kuhusu Unguja, jibu lako ni la mwezi ujao. Na anayenitumia barua bila jina wala mji, naomba walau mji.